Pendekeza Video Moja kwa Mtu Mmoja: Namna ya Kuchagua Chaneli Zinazofundisha na Kuburudisha

Kila shule zinapofungwa, wazazi, wanafunzi na ndugu zangu huniuliza swali lilelile: mtandaoni kuna chaneli gani nzuri ambayo mtu anaweza kuiangalia, akaburudika na akatoka na kitu kichwani? Kwa miaka mingi nililijibu swali hilo vibaya. Niliandika orodha ya majina kumi hadi kumi na tano, nikaituma kwa kila aliyeuliza, nikaamini kwamba nimesaidia. Siku moja nilimwuliza mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu ni chaneli ipi katika orodha ile iliyomfaa zaidi. Alinieleza kwa adabu kwamba alikuwa hajafungua hata moja, kwa kuwa hakujua aanzie wapi na bando lake lilikuwa dogo. Wiki hiyohiyo, hata hivyo, alikuwa ameangalia mara tatu video ya dakika nane aliyotumiwa na dada yake, ambaye alijua kwamba mdogo wake anasumbuliwa na maswali ya mwendo na kani, yaani nguvu inayosukuma au kuvuta kitu.

Tangu siku hiyo nimebadili utaratibu. Napendekeza video moja, kwa mtu mmoja ninayemfahamu, kwa haja moja anayoijua mwenyewe. Chaneli ataitafuta baadaye kama video hiyo imemfaa. Hapa chini naeleza jinsi ninavyofanya, pamoja na chaneli ambazo nimezitumia vya kutosha kuweza kuzisemea.

Anza kwa mtu

Kabla ya kutaja jina la chaneli yoyote, mwulize anayetaka ushauri ni jambo gani ambalo leo hawezi kulifanya na angependa aweze kulifanya mwezi ujao. Ukijibiwa "nataka kujifunza sayansi", bado hujajibiwa. Endelea kuuliza kwa upole hadi ufike mahali penye kitu cha kushikika. Mtoto wa darasa la tatu anayeshindwa kutoa kwa kukopa, msichana wa kidato cha nne ambaye hajawahi kuona sodiamu ikitiwa majini kwa sababu maabara ya shule yake haina, mama mkubwa ambaye mahindi yake hutobolewa na dumuzi kila mwaka, na kijana anayetaka kuandika programu yake ya kwanza ya kompyuta, wote hao watauliza swali moja kwa maneno yaleyale, lakini hakuna video inayoweza kuwafaa hata wawili kati yao. Yuko pia yule anayetaka kupumzika tu baada ya kazi, bila kwenda kulala akijiona kwamba jioni yake imepotea bure. Haja hiyo ni halali kama nyingine, na inastahili kutafutiwa jibu kwa uangalifu uleule.

Mojawapo ya chaneli kubwa kabisa za elimu duniani ilianza kwa njia hiyohiyo. Mwaka 2004 Salman Khan, aliyekuwa akiishi Boston nchini Marekani na kufanya kazi katika kampuni ya uwekezaji, alianza kumfundisha akiwa mbali binamu yake aitwaye Nadia, aliyekuwa New Orleans na aliyekwama katika kubadili vizio vya vipimo. Ndugu wengine waliposikia, nao wakaomba kufundishwa. Muda wa kumhudumia kila mmoja ulipokosekana, Khan akaanza mwaka 2006 kurekodi masomo mafupi na kuyaweka YouTube, na kutokana na masomo hayo ikazaliwa Khan Academy. Ndiyo maana hadi leo masomo yake ya hesabu yana sauti ya mtu anayezungumza na ndugu aliyeketi kando yake, huku maandishi ya rangi yakijitokeza polepole juu ya ubao mweusi, na uso wa mwalimu hauonekani kabisa. Somo lile lilitungwa kwa ajili ya mtu anayejulikana jina na tatizo, na wengine wote tuliokuja baadaye tunanufaika kwa sababu hiyo.

Jambo la pili la kuuliza ni bando, na watu wengi huona haya kulitaja, kwa hiyo litaje wewe. Kwa makadirio ya kawaida, saa moja ya video kwa ubora wa picha wa 360p hutumia takriban MB 300, ilhali saa hiyohiyo kwa kiwango cha 720p huweza kupita GB 1. Mtu mwenye kifurushi cha siku ukimtumia mhadhara wa saa moja na nusu, umemtumia gharama. Mwonyeshe mahali pa kugusa, kwenye alama ya gurudumu lenye meno, ili ashushe ubora wa picha. Somo la hesabu lililoandikwa kwa herufi kubwa husomeka vizuri hata kwa 240p, na mazungumzo ya watu wawili mezani hayahitaji picha kali. Ubora wa juu uwekwe akiba kwa video ambazo picha ndiyo somo lenyewe, kama vile majaribio ya kemia au kazi ya mikono. Aidha, kama nyumba moja katika ukoo ina intaneti ya waya, mpangie ndugu yako apakue video huko kupitia programu ya YouTube yenyewe, mahali huduma hiyo inaporuhusiwa, kisha aangalie kwake bila kutumia hata MB moja.

Lugha nayo ni kikwazo cha kweli. Nchini Tanzania watoto wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha huingia sekondari na kukuta karibu masomo yote yakifundishwa kwa Kiingereza. Na chaneli nyingi bora za sayansi zinazungumza Kiingereza cha haraka, chenye lafudhi ambazo mwanafunzi wetu hajazizoea. Usimwambie tu kwamba atazoea. Mfundishe kuwasha maandishi ya chini, mfundishe kupunguza kasi hadi 0.75, na mshauri aangalie mara mbili, mara ya kwanza akitazama picha na mara ya pili akisoma maneno. Tafsiri ya Kiswahili inayotolewa na mashine inaweza kumsaidia kushika mkondo wa mazungumzo, lakini istilahi mara nyingi hukosewa, kwa hiyo asinakili kutoka humo kwenye daftari la shule.

Kipime kabla hujakipendekeza

Usipendekeze kitu ambacho hujakiangalia mwenyewe hadi mwisho. Mimi huangalia video tatu za chaneli moja kabla ya kuitaja kwa mtu. Ya kwanza ni ile iliyotazamwa na watu wengi zaidi, kwa sababu hiyo ndiyo atakayokutana nayo mgeni wako. Ya pili ni ya zamani, ili nione kama chaneli imekuwa na uangalifu tangu mwanzo au ilianza kwa kelele. Ya tatu, ambayo ndiyo kipimo kikali kuliko zote, ni video inayozungumzia jambo ninalolijua vizuri kuliko mtangazaji. Mwalimu wa fizikia na aangalie video ya fizikia, fundi seremala na aangalie ya useremala, muuguzi na aangalie ya kufunga vidonda. Chaneli ikipotosha pale unapoweza kuikamata, hakuna sababu ya kuiamini pale usipoweza. Kwa njia hii nimeziacha chaneli kadhaa zenye picha za kupendeza sana.

Lakini hata video isiyo na kosa inaweza isifundishe chochote, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu jambo hili ndilo lililobadili ufundishaji wangu. Derek Muller, aliyeanzisha chaneli ya Veritasium mwaka 2011, alikuwa ameandika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 2008 kuhusu video za kufundishia fizikia. Aliwapima wanafunzi, akawaonyesha baadhi yao video yenye maelezo mafupi, sahihi na yaliyopangwa vizuri, kisha akawapima tena. Wanafunzi walisema kwamba video hiyo ilikuwa wazi na rahisi kueleweka, ila alama zao hazikupanda kwa kiasi cha maana. Walichofanya ni kusikia maneno yanayofanana na yale waliyokuwa wakiyaamini tayari, wakaondoka na makosa yaleyale wakiwa na uhakika zaidi. Kundi jingine lilioneshwa video ambamo kosa la kawaida linatajwa kwanza na kujadiliwa, kisha ndipo ukweli unaelezwa. Hao walilalamika kwamba video inachanganya, lakini alama zao zilipanda karibu maradufu.

Mfano wake ni mpira unaorushwa juu. Waulize wanafunzi ni kani gani zinaukabili mpira baada ya kutoka mkononi, nao wengi watakuambia kwamba kani ya mkono bado inausukuma kwenda juu na inapungua kidogo kidogo hadi inaisha. Ukiweka kando ukinzani wa hewa, kani iliyopo ni ya uvutano wa dunia pekee, tangu sekunde ya kwanza. Mwanafunzi akisikiliza maelezo sahihi bila kwanza kuulizwa anaamini nini, hutikisa kichwa kwa kukubali na kuendelea kuamini kani ya mkono. Kwa hiyo, unapopima video, angalia kama inamsimamisha mtazamaji na kumwuliza, kama inataja kosa ambalo watu hufanya, kama inampa nafasi ya kukisia. Isipofanya hivyo, fanya wewe: mwandikie mtu wako swali la kujibu kabla hajabonyeza kitufe cha kuanza.

Sifa nyingine ninayoitafuta ni uwezo wa chaneli kukiri kosa. Kurzgesagt, chaneli ya katuni za sayansi iliyoanzishwa mwaka 2013 mjini Munich nchini Ujerumani, ilitangaza mwaka 2019 kwamba inafuta video zake mbili za zamani, moja kuhusu uraibu na nyingine kuhusu wakimbizi barani Ulaya, kwa sababu ziliandaliwa bila utafiti wa kutosha. Chaneli hiyo pia huambatanisha na video zake orodha ya vyanzo ilivyotumia. Sikubaliani na kila jambo wanalosema, na wakati mwingine naona wanaliharakisha jambo zito ili liingie katika dakika kumi, lakini mtu anayeonyesha vyanzo vyake amenipa njia ya kumsahihisha.

Kwa watoto wadogo

Hapa sina shaka na ninachopendekeza kwanza. Ubongo, asasi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, hutengeneza vipindi vya katuni kwa Kiswahili na lugha nyingine, na Ubongo Kids ilianza kurushwa kwenye televisheni nchini Tanzania mwaka 2014. Ubongo Kids inawalenga watoto wa shule ya msingi na kufundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo. Wadogo zaidi wana Akili and Me, ambayo mhusika wake mkuu ni msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro; anapolala huingia katika nchi ya ndoto, na huko hujifunza herufi, namba na kuchora pamoja na marafiki zake wanyama. Thamani yake kwangu haiko katika Kiswahili pekee. Mtoto wa Tabora au wa Kisumu anaona nyumba, nywele, miti na majina yanayofanana na ya kwao, na fumbo la hesabu linatokea katika mazingira ambamo yeye mwenyewe angeweza kulikuta.

Kumwachia mtoto simu na kuondoka si kumfundisha, hata kama chaneli ni nzuri. Keti naye kwa kipindi kimoja. Wimbo wa kuhesabu unapoisha, simamisha video, leta vizibo vya soda au punje za maharage, na mwache afanye kwa mkono kile alichokiona. Kesho yake imbeni wimbo huo pamoja bila simu. Kipindi kimoja kilichochezwa hivyo kwa wiki nzima kina faida kuliko vipindi saba vilivyofuatana, na pia bando linabaki.

Zima kabisa mpangilio unaoifanya video inayofuata ijicheze yenyewe. Video ya kwanza uliichagua wewe, ya pili imechaguliwa na mfumo ambao haumjui mwanao na unaotafuta tu kumfanya asiondoke. Mwaka 2017 ilibainika kwamba mtandaoni kulikuwa na video nyingi zilizotumia sura za wahusika maarufu wa katuni huku ndani yake mkiwa na vitisho na ukatili, na baadhi zilikuwa zikiwafikia watoto kupitia mapendekezo ya namna hiyo. Video nyingi ziliondolewa baadaye, lakini tahadhari haijapitwa na wakati.

Kwa wanafunzi wa sekondari

Mwanafunzi aliyekwama katika hatua moja ya hesabu apelekwe Khan Academy, tena kwenye video inayohusu hatua hiyo tu. Awe na daftari, asimamishe kabla mwalimu hajafika kwenye jibu, ajaribu mwenyewe, kisha aendelee. Kama anaangalia mikono yake ikiwa mitupu, anatazama mtu mwingine akifanya mazoezi.

Yule anayeweza kukokotoa lakini haoni maana ya anachokifanya, mpe 3Blue1Brown, chaneli ya Grant Sanderson iliyoanza mwaka 2015. Mfululizo wake wa mwaka 2017 wa kalkulasi, tawi la hesabu linalochunguza mabadiliko na maeneo, unaanza na eneo la duara. Duara linakatwa kuwa pete nyembamba nyingi, kila pete inanyooshwa ikawa ukanda, kanda zinapangwa kwa urefu wake, na ghafla mtu anaiona pembetatu ambayo eneo lake anajua kulitafuta tangu shule ya msingi. Nimeonyesha sehemu hiyo darasani mara nyingi, bila sauti, huku mimi mwenyewe nikieleza kwa Kiswahili na kuchora ubaoni, na nimewaona wanafunzi wa kidato cha tano, ambao walikuwa wamekariri kanuni ya eneo la duara kwa miaka, wakinyamaza kwa muda na kisha wakaomba irudiwe. Picha zile anazitengeneza kwa programu aliyoiandika mwenyewe kwa ajili ya hesabu, na uangalifu huo unaonekana.

Kwa kemia, kuna Periodic Videos kutoka Chuo Kikuu cha Nottingham nchini Uingereza, iliyoanza mwaka 2008 na yenye video kuhusu kila moja ya elementi 118 za jedwali la vipindi. Profesa Martyn Poliakoff, mwenye nywele nyeupe zilizosimama kila upande, huzungumza kwa utulivu ofisini mwake, na wenzake hufanya majaribio maabara. Msichana yule ambaye hajawahi kuona sodiamu ikikutana na maji ataiona hapa kwa karibu kuliko ambavyo angeiona akiwa amesimama safu ya nyuma ya maabara iliyojaa wanafunzi sitini. Mwonye tu asijaribu nyumbani.

Kwa mtihani, chaneli za nje hazitoshi, kwa kuwa hazifuati mtaala wetu. Nchini Kenya, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilirusha masomo kwa redio, televisheni na YouTube shule zilipofungwa mwaka 2020, na kuna walimu wengi wa Kenya na Tanzania wanaorekodi mada kwa mpangilio wa silabasi. Kabla ya kumpendekezea mtu masomo ya namna hiyo, tazama tarehe. Kenya imekuwa ikiachana na mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, na Tanzania ilianza kutumia mtaala ulioboreshwa mwaka 2024, kwa hiyo video nzuri ya miaka saba iliyopita inaweza kumwandaa mtoto kwa mtihani usiokuwapo tena.

Kwa mkulima

Shamba Shape Up ni kipindi cha Kenya kilichoanza mwaka 2012. Timu humtembelea mkulima mdogo shambani kwake, wataalamu hukagua udongo, banda la kuku, malisho ya ng'ombe au ghala, kisha hufanya marekebisho pamoja na familia yenyewe. Kipindi kinapatikana kwa Kiswahili na Kiingereza. Wapo wanaokitazama kama burudani tu, kwa kuwa kila shamba lina kisa chake na watu wake, na hakuna ubaya. Mafunzo yanaingia njiani. Shirika la Access Agriculture, kwa upande wake, hukusanya video za mafunzo ambamo wakulima huwaeleza wakulima wenzao, nazo zimetafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, na zinaweza kupakuliwa.

Video ya kilimo ninaipima kwa jambo moja: kesho asubuhi mkulima atashika nini? Chukua mfano wa uhifadhi wa mahindi. Video inayosema kwamba mahindi yakaushwe vizuri kabla ya kuhifadhiwa haijamwambia mama mkubwa chochote ambacho hakijui. Ile inayomwonyesha kipimo cha chumvi imempa kifaa. Achukue chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, atie chumvi kavu na punje za mahindi, aifunge, aitikise, kisha aiache itulie kwa dakika kadhaa; chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, na isiponata, yamefikia ukavu wa kuhifadhiwa. Kama video hiyohiyo inaeleza kwa nini mfuko wenye tabaka tatu huwaua dumuzi bila dawa, yaani kwa sababu wadudu humaliza oksijeni iliyofungiwa ndani na nyingine haiingii, ataelewa pia kwa nini tundu dogo kwenye mfuko linaharibu kazi yote.

Kwa kupumzika

Kuna chaneli ambayo nimeipendekeza kwa watu wa umri na elimu tofauti kabisa, na haijawahi kuniangusha. Primitive Technology ni ya John Plant wa Queensland, Australia, na ilianza mwaka 2015. Haina muziki wala maneno. Mtu mmoja aliyevaa kaptura yuko msituni, anachimba udongo, anafinyanga vigae, anajenga tanuri, anaezeka nyumba, na sauti zinazosikika ni za ndege, maji na moto. Watazamaji wengi hawajui kwamba ukiwasha maandishi ya chini utakuta maelezo yake ya kila hatua, kwa hiyo mwambie mtu wako mapema. Niliwahi kumwonyesha mzee mmoja jirani yangu, mwenyeji wa Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, video ambamo John Plant anajaribu kuyeyusha chuma katika tanuri dogo la udongo. Mzee aliangalia kimya hadi mwisho, kisha akaanza kunieleza habari za malungu, yale matanuri marefu ya Wafipa ambayo babu zake waliyeyushia chuma na ambayo magofu yake bado yapo. Tulikaa hadi saa nne usiku. Video ilikuwa ya dakika chache tu, na iliyobaki aliifundisha yeye.

Kwa wale wanaopenda kusimuliwa, ipo SmarterEveryDay ya Destin Sandlin, mhandisi wa Alabama. Video yake ya mwaka 2015 kuhusu baiskeli iliyogeuzwa usukani, ambayo ukikata kushoto inakwenda kulia, ni ya kuangalia na familia nzima. Ilimchukua miezi minane kuweza kuiendesha, ilhali mtoto wake mdogo alichukua wiki mbili. Mabishano yatakayofuata sebuleni yana thamani kuliko video nyingine ya pili.

Kuhusu kompyuta nitasema kwa kifupi: freeCodeCamp ina kozi ndefu za kuandika programu, nyingine za saa nyingi, na inamfaa mwenye kompyuta na nia, kwa mwenye simu pekee itakuwa kazi ya kumchosha. Mihadhara ya MIT OpenCourseWare, yaani masomo ya bure ya chuo cha MIT cha Marekani, hasa ile ya Profesa Gilbert Strang ya aljebra mstari (linear algebra), namtumia mwanafunzi wa chuo kikuu peke yake.

Kile nisichopendekeza

Sipendekezi chaneli yoyote ya tiba kwa mgonjwa, hata ikiwa na msemaji aliyevaa koti jeupe. Mtu anayeeleza ugonjwa kwa dakika tano na kutaja namba ya simu ya kuagizia dawa yake kwa dakika mbili za mwisho ni muuzaji, na video yake ni tangazo. Hali kadhalika chaneli zinazofundisha kupata pesa haraka, ambazo mwisho wake hukutaka ulipie kozi au ujiunge na kundi. Mtu wa karibu akikutumia video ya namna hiyo, usimdhihaki. Mwombe muangalie pamoja sehemu ya mwisho, mwulize anayezungumza anapata nini iwapo utamwamini, na kwa jambo la afya mpeleke kituo cha afya au kwa mtaalamu anayeweza kumpima.

Namna ya kutuma

Kiungo kitupu kisicho na maneno hakifunguliwi, au hufunguliwa na kufungwa. Andika ujumbe mfupi unaotaja urefu wa video, sababu ya kumtumia yeye, na kitu cha kuangalia ndani yake. Kwa mfano: "Shikamoo mama mkubwa. Nimekumbuka ulivyosema dumuzi wamerudi ghalani. Hii ni video ya dakika kumi kwa Kiswahili, haitamaliza bando ukiweka ubora wa chini. Tafadhali tazama hasa sehemu ya chupa na chumvi, halafu ujaribu na mahindi yaliyoko uani, uniambie chumvi imenata au la." Kwa mwanafunzi: "Kabla hujaifungua, niandikie mpira ukiwa umefika juu kabisa una kani gani. Usifute jibu lako hata likiwa na kosa. Ukimaliza kuangalia, niandikie tena."

Baada ya siku tatu au nne, uliza. Usiulize kama ameipenda, kwa sababu ndugu mwenye heshima atasema ameipenda. Uliza chumvi ilinata? Mpira una kani gani? Mtoto aliimba? Akikujibu kwa undani, mpe sasa jina la chaneli na umwache achague video ya pili mwenyewe. Akikujibu kwamba hakupata nafasi, usimtumie nyingine juu ya ile. Subiri hadi atakapouliza, maana rundo la viungo visivyofunguliwa humfanya mtu amwogope hata anayempenda.

Mimi huandika katika daftari dogo jina la video, dakika yenye jambo muhimu, niliyemtumia, na alichonijibu. Mwanzoni mwa kila likizo nalipitia na kufungua kila kiungo upya, kwa sababu video hufutwa, chaneli huuzwa kwa watu wengine, na iliyokuwa na utulivu mwaka jana inaweza kuwa imejaa matangazo ya kamari mwaka huu. Zilizoharibika nazikata kwa mstari. Zilizobaki, ambazo kwa sasa hazifiki ishirini, ndizo ninazoziangalia kwanza simu inapoita na mtu akaniuliza kama kuna chaneli nzuri ninayoijua.